Mitungi ya Redio Koli

Kabla ya simu za mkononi kuenea Kisumu, mambo ya haraka yalipitia redio koli. Wenye malori, kampuni za ulinzi na zahanati za ng'ambo ya Ghuba ya Winam walitegemea ripita zilizokaa juu ya vilima vilivyo nyuma ya mji. Mtu wa Asembo alisema kwa redio dhaifu, ripita ikamsikia na papo hapo ikairusha sauti yake kwa nguvu, mtu wa Kondele akaipata.

Kazi ya ripita nilifunzwa na mzee mmoja mwenye banda karibu na Kibuye. Kitu alichokiheshimu kuliko vyote kwenye ripita ni dupleksa. Ripita husikiliza na kurusha kwa wakati mmoja, kwa antena moja. Upande mmoja unatoa wati 25, na upande wa pili unangoja mawimbi yasiyofika hata sehemu moja ya milioni ya volti. Wasipotenganishwa, anayesikiliza anazibwa masikio na mwenzake. Dupleksa ndiyo inayowatenganisha: mitungi sita ya shaba, na ndani ya kila mmoja fimbo ambayo urefu wake ndio unaoamua masafa yapi yapite na yapi yazuiwe.

Mashine ya kupimia mitungi hiyo ilikuwa Nairobi, nasi tuliipeleka mitungi huko. Mitungi ikirudi kwa basi kupitia Nakuru na Kericho, barabara imeshaitikisa, basi mzee humalizia kwa sikio. Redio moja inarusha upande huu, nyingine ameiweka sikioni, anasukuma fimbo kidogo kidogo mpaka sauti inazama ndani ya mvumo.

"Kijana, usikaze nati kwa pupa," alikuwa akiniambia. "Ukikaza, fimbo nayo inasogea." Ni kweli: unaiacha fimbo ipite kidogo, ili nati ikikazwa iivute mahali pake.

Simu zikaja, na M-Pesa ikafuata mwaka 2007. Ripita nyingi za biashara zikazimwa. Mitungi ikabaki stoo, mingine ikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu kwa bei ya shaba. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Walioniletea kazi hii upya ni watu wa redio ya ridhaa, wale ambao majina yao ya hewani huanza na 5Z4. Masafa yao kwa ripita za aina hii ni megahezi 144 hadi 146, na mitungi ya zamani ilipimwa kwenye 160 hivi. Kushuka hadi 145 maana yake ni kuirefusha fimbo kwa karibu sentimita tano, kwa sababu fimbo hufuata robo ya wimbi, na wimbi limerefuka. Vipande vya kebo vinavyounganisha mitungi navyo hukatwa upya, kwa kuwa urefu wao unafuata masafa. Lakini ugumu hasa uko kwenye nafasi. Redio za biashara ziliacha megahezi nne au tano kati ya kupokea na kurusha. Za ridhaa huacha kilohezi 600 tu. Dupleksa ndogo zilizotengenezwa kwa magari haziwezi kabisa, hata ukeshe nazo.

Mashine iliyotupeleka Nairobi sasa imo kiganjani. NanoVNA inauzwa kwa bei ya simu ya kawaida. Ukisukuma fimbo, bonde la masafa linatembea kwenye kioo mbele yako. Naipenda sana, ila uwezo wake wa kuona unaishia kwenye desibeli 70 hivi, na dupleksa ya kilohezi 600 inatakiwa kuzuia 80 na zaidi. Hatua ya mwisho bado naimaliza kama mzee: redio mbili na sikio.

Agosti 2023 karibu nchi nzima ilipokosa umeme, wengi waliona jinsi mtandao wa simu unavyoweza kuyumba. Ripita yenye betri na sola juu ya kilima, ikiwa na kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, ingewasaidia watu wa ufukwe huu usiku kama ule. Kwa hiyo wewe uliye na stoo ya kampuni, shirika au hospitali ya zamani hapa Kisumu, Homa Bay au Siaya: ukikuta mitungi sita mirefu imefungwa pamoja, usiipeleke kwenye mizani ya vyuma chakavu. Tafuta mtu wa redio ya ridhaa, umpe.