Bombardier ya Mbao

Mtajie Mtanzania jina Bombardier, ataona ndege. Tangu zile Q400 mbili za ATCL zitue Dar es Salaam mwaka 2016, jina lilitoka magazetini likaingia vijiweni, na kila mtu akawa mtaalamu wa mapangaboi. Bombardier ninayoijua mimi, kwa kuishika na kuipiga msasa, ni ya plaiwudi. Hairuki. Mbele ina skii mbili, nyuma minyororo kama ya katapila, ubavuni madirisha ya duara kama ya meli. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni mtumbwi uliopinduliwa ukafungwa taa. Imelala kwenye banda la jirani yangu nje kidogo ya Sherbrooke, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, na huu ni msimu wa tatu wa baridi naenda kila Jumamosi kumsaidia kuifufua.

Jirani huyu ni fundi mstaafu. Mimi humwita Mzee, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na ameshazoea kuitika. Gari lenyewe ni B12, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1942, na hiyo kumi na mbili ni idadi ya watu. Lilikuwa basi la nchi isiyo na barabara kwa nusu mwaka: lilibeba watoto wa shule, barua, padri, daktari, mgonjwa.

Nilidhani kazi kubwa itakuwa injini. Wapi! Injini ni Chrysler ya silinda sita, imekaa nyuma ya abiria, na baada ya kubadilishiwa plagi na kuoshwa kabureta ilikohoa mara mbili ikawaka, Mzee akacheka kama mtoto. Kilichotula muda ni minyororo na mbao. Kila mnyororo ni mikanda miwili ya mpira iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, vingi kweli, na kila kimoja kina bolti zake zilizoshikana kwa kutu. Unapaka mafuta, unasubiri wiki, unajaribu spana, unapaka tena. Mnyororo unavutwa na gurudumu la meno lililovikwa mpira. Ukiliona utasema, ah, kumbe ni hivi tu. Lakini hapo ndipo wengi walikuwa wamekwama kabla ya Joseph-Armand Bombardier kupata hataza yake mwaka 1937.

Gereji ya huyo bwana bado ipo Valcourt, mji ulio karibu na huku kwetu, ndani ya jumba la makumbusho. Mzee alinipeleka. Watu wanapiga picha, wanasoma vibao, wanasogea. Mimi niligota kwenye mwaka 1934. Majira ya baridi ya mwaka ule mwanawe Yvon, wa miaka miwili, aliugua kidole tumbo. Hospitali ilikuwepo. Njia ndiyo haikuwepo, theluji ilikuwa imeifunika, na gari ambalo baba alikuwa akilijaribu halikuwa tayari. Mtoto akafa. Miaka michache baadaye magari ya B7 yakaanza kutoka gerejini, kisha hii B12 yetu.

Kwetu ni upande wa Kasulu, na kule njia hufungwa na tope. Nilikuwa na miaka tisa masika yale mdogo wangu aliposhikwa na degedege. Mama alimfunga mgongoni, tukapata lifti kwenye lori la mahindi, lori likazama mpaka ekseli. Wanaume walisukuma hadi giza likaingia. Hatukufika.

Mzee nilimsimulia habari hiyo tukiwa tunabandua sakafu. Hakusema pole. Aliweka tindo chini, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, halafu akaniambia kwamba yeye amezaliwa mwaka 1947, mwezi wa pili, na mama yake alifikishwa kujifungua ndani ya gari kama hili. Siku zote nilikuwa nadhani anafufua chuma chakavu kwa sababu wastaafu wa huku hawajui kukaa barazani.

Ile sakafu tuliigombania kweli. Ilikuwa imeoza pembeni, ambako theluji ya viatu vya abiria iliyeyuka miaka nenda miaka rudi, na katikati imelika, unaona kabisa miguu ilikaa wapi. Nikamwomba tuibakize. Nimeona magari haya kwenye maonyesho yamepakwa vanishi hadi unajiona uso, na sidhani kama mgonjwa yeyote angethubutu kutapika humo ndani. Mzee akanijibu kwamba gari lenye sakafu mbovu halitembei, na gari lisilotembea ni kabati. Alikuwa na hoja. Tukaweka plaiwudi mpya, ila benchi la kushoto limebaki na mbao zake, mikwaruzo yake, na rangi iliyochakaa pale watu walipokuwa wakishikilia.

Sasa tunasubiri mkanda mmoja wa mpira. Ukifika kabla theluji haijaisha, tutaliingiza shambani.

Juzi nilimweleza mama kwa simu. Nilimpa hadithi yote, Yvon, minyororo, benchi. Nikamwambia pia kwamba biashara ya mabasi haya ilianguka ghafla, kwa kuwa mwaka 1948 serikali ya Quebec ilipitisha sheria barabara za vijijini zisafishwe theluji, na Bombardier ikabidi atafute soko jingine, mpaka mwaka 1959 akaja na kile kipikipiki cha theluji, Ski-Doo, kilichomtajirisha. Mama hakuuliza lolote kuhusu Ski-Doo.

"Kwa hiyo barabara walizisafisha?"

"Ndiyo, mama. Walizisafisha."

"Za vijijini?"

"Za vijijini."

Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku wake nyuma ya simu, kisha akaniuliza kama nimeshakula.