Kiraka cha Njiani

Huku Kwamkoro, juu ya milima ya Usambara Mashariki, kitu kinachotangulia kufa katika gari ni mpira. Chuma kikichoka hupiga kelele, na dereva mwenye masikio husikia. Mpira hufa kimya kimya. Hukauka, hupasuka nyufa nyembamba kama za kisigino cha mkulima, kisha siku moja hukatika. Mvua ya huku hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na barabara ya kuteremka Muheza ni kona, mawe na utelezi. Kila jiwe tunalokanyaga hupokewa na mipira iliyojificha chini ya gari: bushi za springi, mauntingi za injini, buti za shafti. Duka la spea liko huko chini Muheza, na mara nyingi hata Muheza hakuna, sharti kwenda Tanga. Ndiyo sababu kila mwenye gari hapa amekuwa fundi wa mpira nyumbani kwake, apende asipende.

Mpira wenyewe si mgeni milimani kwetu. Jina hili kwanza lilikuwa la mtoria wa msituni na utomvu wake, ambao wazee waliugema na kuupeleka pwani kuuza. Baadaye Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa mimea hapo Amani mwaka 1902, na miongoni mwa miti waliyoijaribu ilikuwamo ya mpira. Mashamba ya mpira yakatapakaa nchi ya Tanga, mpaka bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira mwingi na rahisi kutoka Asia. Leo neno hilo moja tunalitumia kwa kila kitu: mpira wa kuchezwa uwanjani, mpira wa kumwagilia bustani, mpira wa rejeta. Nadhani wingi huo wa matumizi ndio unaotudanganya. Kwa kuwa jina ni moja, tunadhani dawa nayo ni moja.

Ukweli ni kwamba mpira wa gari umekwisha kupikwa. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira mbichi ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa mgumu na mvumilivu. Salfa huzifunga nyuzi zake zisiachane, na zikishafungwa hazifunguki tena kwa moto wa nyumbani. Kiatu cha plastiki kilichokatika chaweza kuunganishwa kwa kisu cha moto. Mpira ukiutia kisu cha moto utaungua na kunuka, hautaungana. Kwa hiyo fundi wa nyumbani hauponyi mpira. Huupachika tu mpira mwingine juu yake. Hata kiraka cha tyubu hushika kwa masharti: usugue kwa msasa mpaka ung'aro uondoke, upake solushoni kidogo, usubiri ikauke mpaka isinate kidole, ndipo ubandike na kugonga. Wasiotaka kusubiri ndio wanaobandika mara mbili.

Katika kazi hii kuna mambo mengi yanayowezekana. Mpira wa rejeta uliopasuka karibu na klipu, kata ule mwisho uliooza, uvute, uufunge tena. Ukipasuka katikati, ukaushe, kisha uzungushie ukanda wa tyubu kuukuu ulionyoshwa kwa nguvu, duru juu ya duru. Ulegeze kifuniko cha rejeta ili mvuke usisukume sana, na uendeshe polepole ukiangalia maji. Bushi ya springi yaweza kuchongwa kutoka tairi bovu ikafanya kazi ya kuridhisha. Mpira wa mlango unaovujisha mvua, gundi yatosha.

Raba za breki ni habari nyingine. Usiku mmoja wa masika jirani yangu kijana alinijia na silinda ya gurudumu mkononi. Raba yake ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolowekwa, kwa kuwa mtu aliisafisha kwa mafuta ya taa. Mafuta ya petroli ya aina yoyote, hata oili ya injini, huivimbisha na kuilegeza raba ya breki. Haisafishwi ila kwa mafuta yake ya breki yaliyo safi. Kijana alikuwa amechonga nyingine kutoka ubavu wa tairi.

"Mzee wangu, tazama, inaingia sawasawa," akasema. "Nisaidie kuifunga. Mama mkwe ana homa siku ya tatu, alfajiri nataka kumteremsha hospitali."

"Inaingia, mwanangu. Lakini mdomo wake hautazuia mafuta ukikanyaga breki kwenye mteremko."

"Nitatumia gia ndogo."

Nikakataa, na silinda nikaiweka ndani kwangu. Mama yule aliteremka asubuhi kwa lori lililokuwa likishusha chai, amekaa mbele kwa dereva, amejifunika kanga mbili. Alitibiwa akarudi. Jirani yangu hakupita kwangu kwa majuma mawili, na sikumlaumu. Mtu aliyenyimwa msaada usiku wa ugonjwa ana haki ya kununa. Zaidi ya hayo, sikuwa na ushahidi wa kumwonyesha. Ajali iliyoepukwa haina shahidi; pengine raba ile ingemfikisha.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Umaskini umetufundisha kutengeneza, na hiyo ni heshima kubwa. Watu wenye maduka karibu hawajui nusu ya tunayoyajua. Ila umetufundisha pia kuona haya kusema "hiki hakitengenezeki," kana kwamba ni kukiri kushindwa. Swali ninalojiuliza sasa kabla ya kushika kisu ni moja: kiraka hiki kikiachia, nani atalipa? Akilipa mwenye gari kwa kutembea kilomita tano matopeni, nitabandika. Wakilipa waliopanda nyuma bila kujua kilichomo chini yao, sibandiki.

Na hata kile kinachoruhusiwa hakina budi kuwa na mwisho. Adui wa kiraka cha njiani ni kufanya kazi vizuri, kwani kikishafika salama mara tatu husahauliwa, kikageuka kuwa spea ya kudumu. Kwa hiyo kila nifungapo mpira wa gari la mtu, naandika tarehe juu yake kwa rangi nyeupe, mahali atakapoiona kila afunguapo boneti. Wengine hucheka. Wengine, wakiisoma tarehe ile, huanza kuweka fedha za nauli ya Tanga.