Butembo: Mama mkwe na asidi, mkaza mwana na javeli, choo ni kimoja

Juma mosi hiyo, katika kiwanja kimoja cha komini ya Mususa mjini Butembo, mama mkwe aliamka wa kwanza. Wageni waliokuja kuposa binti wa mwisho walikuwa wanangojewa saa nane. Choo cha ndani, kile cha kukalia, kilikuwa na doa la manjano chini pale maji yanapotulia, na mama aliona aibu. Akatoa chupa aliyoificha nyuma ya mlango, akamwaga kidogo, akafunga choo ili dawa ifanye kazi, kisha akaenda sokoni kununua sombe.

Ndani ya chupa hiyo mlikuwa asidi ya batri, aliyopimiwa kwenye garaji. Hakumwambia mtu.

Nusu saa haijaisha, mkaza mwana akaingia na brosi na chupa ya javeli. Yeye pia aliona lile doa, na yeye pia hakuuliza. Alipomwaga tu, harufu kali ikapanda usoni, macho yakajaa machozi, kifua kikabana. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa amesimama mlangoni. Alimsukuma nje, kisha mwenyewe akaanguka kwenye korido. Mpangaji wa nyumba ya nyuma ndiye aliyemvuta mpaka uani, kwenye hewa. Kwenye kituo cha afya aliwekewa oksijeni. Jioni alirudi nyumbani, lakini kikohozi kilikaa naye juma nzima. Mtoto hakupatwa na kitu. Wageni waliombwa warudi siku nyingine.

Yaliyotokea yanaeleweka. Javeli ni maji yenye klorini iliyofungwa ndani yake. Ikikutana na asidi, klorini inafunguka na kutoka kama hewa ya sumu. Ni hewa ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia maadui wake karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Tena ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inakaa chini, pale mtoto anaposimama na pale mtu anapoinama kusugua. Choo kidogo kisicho na dirisha kinajaa haraka.

Usiku maneno yalikuwa mengi. Kijana alimuuliza mama yake: kwa nini asidi ya gari, na javeli inauzwa hata kwenye duka la pembeni? Mama alinyamaza muda. Kisha akasema hawezi kuvumilia harufu ya javeli tangu Beni.

Mama huyo aliishi Beni, komini ya Mulekera, wakati Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Dada yake alikufa kwa ugonjwa huo. Watu wenye mavazi meupe walikuja, wakapulizia klorini kitandani, kwenye nguo, sakafuni na chooni, kisha wakambeba. Hakumgusa dada yake, hakumwosha. Kilichobaki nyumbani ni harufu. Mpaka mlipuko huo ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 2,287 kufa. Kwa mama huyo, javeli ndiyo harufu ya hesabu hiyo.

Mkaza mwana naye alitoka katika wakati ule na fundisho tofauti. Yeye alikuwa Butembo, alinawa kwa maji ya klorini kwenye kila mlango, na nyumba yao haikupoteza mtu. Kwake, pasipo javeli hapajasafishwa. Miaka miwili walikaa nyumba moja bila kuambiana hayo.

Ukweli ni kwamba hakuna dawa ya choo inayofaa kwa kila kitu. Kwanza ni kujua unapigana na nini. Uchafu wa kila siku unatoka kwa sabuni, brosi na maji ya kutosha. Doa la manjano ni chumvi ya maji na ya mkojo iliyoganda: javeli inalifanya jeupe tu, hailitoi. Linalegezwa na siki, ile wengi huita vinegre, au maji ya ndimu yaliyolala usiku mzima, kisha brosi. Asidi ya batri inaunguza ngozi na macho na kula simenti. Ibaki garajini.

Javeli ni ya kuua vijidudu, hasa nyumbani mkiwa na mgonjwa wa kuhara. Lakini haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu: sugua kwa sabuni kwanza, mwaga maji mengi ili sabuni na mkojo viondoke, ndipo uiweke. Hata mkojo ukichanganyika na javeli unatoa hewa inayochoma kifua. Siki na ndimu pia ni asidi, kwa hiyo visikutane na javeli hata kidogo.

Kipimo kinachotumiwa vyooni ni asilimia 0.5. Kama chupa imeandikwa asilimia 2.6, weka kikombe 1 cha javeli na vikombe 4 vya maji baridi. Kama imeandikwa digrii 12, ambayo ni karibu asilimia 3.8, weka kikombe 1 na maji vikombe 6. Acha dakika 10, mlango ukiwa wazi, kisha mwaga maji. Changanya ya siku hiyo tu, maana nguvu yake inapungua, na jua linaimaliza haraka zaidi. Ile inayopimwa kwenye chupa za maji ya kunywa, bila maandishi, haijulikani nguvu yake, na mtoto anaweza kuinywa.

Wenye choo cha shimo hawana haja ya kumwaga javeli shimoni. Sabuni juu ya sakafu, jivu ndani ya shimo na kifuniko juu yake vinatosha kupunguza harufu na nzi.

Katika kiwanja cha Mususa, asidi ilirudishwa garajini. Mama bado hapendi javeli, na hakuna aliyemlazimisha. Yeye anashika siki na brosi siku ya juma mosi. Javeli inatumiwa siku nyingine, akiwa sokoni au shambani, na chupa inawekwa juu kabisa, na jina limeandikwa kwa kalamu.

Mkaza mwana, kabla ya kufungua kizibo, anauliza kwanza:

— Mama, umeweka kitu chooni?

— Sijaweka, binti yangu. Acha mlango wazi.