Kukwea Nguzo Ukubwani

Methali yetu yasema samaki mkunje angali mbichi. Kwa miaka 16 nimewafundisha vijana methali hiyo katika chuo kikuu mjini Nairobi, nikiieleza kwa utulivu wa mtu asiyehusika nayo. Sikujua kuwa siku moja samaki nitakuwa mimi, tena mkavu. Nilipotimiza miaka 43, mgongo wangu uliozoea kuinama juu ya vitabu ulikataa kunyooka. Shahada ya udaktari ilikuwa imeipa akili yangu cheo na kuunyima mwili haki yake. Tabibu aliniagiza mazoezi ya mgongo na mabega, na jirani yangu akanipeleka katika ukumbi ambamo wanawake hujifunza densi ya nguzo.

Jina hilo lilinitia haya. Nguzo hiyo niliijua kwa sifa ya vilabu vya usiku, na mimi ni binti wa Mombasa, niliyelelewa kuamini kwamba sitara ya mwanamke ni nusu ya heshima yake. Nilikwenda kwa nia ya kutazama tu. Lakini mtazamaji hapati jeraha, wala hapati fundisho.

Nguzo yenyewe ni bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 45 hivi, lililosimamishwa kutoka sakafuni hadi darini. Mwalimu wetu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alinieleza kwamba nguo fupi si pambo: ngozi hushika chuma, kitambaa huteleza. Kwa sababu hiyo hatujipaki mafuta siku ya zoezi, na chuma hupanguswa kwa spiriti. Kupanda huanza kwa kuibana nguzo baina ya muundi wa mguu mmoja na shavu la mguu wa pili. Kisha mikono huvuta na mapaja hukaza. Nilimkumbuka mkwezi wa minazi nyumbani kwetu. Naye huukumbatia mti kwa mwili wake, wala sijapata kusikia mtu akimwambia kuwa kazi yake ni aibu.

Mwezi wa kwanza mavuno yangu yalikuwa michubuko. Viganja viliwaka moto, na nyuma ya magoti nilijaa alama za zambarau. Mimi niliyezoea kusahihisha nilisahihishwa kila dakika.

Jioni moja aliingia mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, binti mkimya ambaye hakupata kusoma insha yake kwa sauti darasani hata mara moja. Wakati huo nilikuwa katikati ya nguzo. Nilitaka kushuka nikajifiche. Badala yake niliteleza, nikaanguka juu ya godoro kwa kishindo.

“Pole, Mwalimu,” alisema. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: “Kumbe hata wewe huanguka?”

“Kila Jumanne, mwanangu,” nilimjibu.

Usiku ule swali lake lilininyima usingizi. Miaka yote hiyo niliwataka vijana wathubutu mbele yangu, nami sikuthubutu lolote mbele yao. Juma lililofuata nilimwita ofisini, nikafunga mlango, nikamwomba anisomee aya moja tu. Alisoma. Sauti yake ilitetemeka kama mikono yangu juu ya chuma, lakini alifika mwisho.

Ilibaki haya ya pili. Mwenzangu mmoja wa idarani aliniuliza nilikopata mabega yale. Nilijibu, “Mazoezi ya viungo,” jibu lenye nusu ya ukweli. Ningeweza kujitetea kwa mambo makubwa: kwamba wanamieleka wa Maharashtra, huko India, wana mchezo wa mallakhamb, ambao jina lake limeundwa kwa neno la mwanamieleka na neno la nguzo, au kwamba mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la mchezo wetu lilipewa hadhi ya mtazamaji katika umoja wa mashirikisho ya michezo uliokuwapo wakati huo. Hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mikao mingi tunayofundishwa imetokana na wanawake waliocheza katika vilabu vya Kanada na Marekani, na kwamba tangu miaka ya 1990 baadhi yao waliwafundisha wengine. Mwanafunzi anayeficha chanzo cha maarifa yake tunamwita mwizi. Je, mwalimu tumwiteje? Nilirudi kwa mwenzangu, nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mkewe angeweza kuja.

Mtu wa mwisho kumwambia alikuwa mama. Nilimpigia simu Mombasa, moyo ukinidunda kuliko siku ya kuitetea tasnifu yangu. Alisikiliza hadi mwisho.

“Mlango hufungwa?” aliuliza.

“Hufungwa, mama. Sote ni wanawake.”

“Basi ni kama chakacha yetu ya harusini. Angalia usivunjike mguu.”

Bado sijaweza kugeuka kichwa chini bila ya kushikwa. Samaki mkavu hukunjika kwa taratibu, na pengine hukatika. Lakini mgongo umenyooka, na mtu akiniuliza ninakokwenda Jumanne jioni, humwambia.