Kuandikishwa Si Kusoma

Mwaka 1997 Uganda ilianzisha Elimu ya Msingi kwa Wote, na madarasa ya vijijini yakafurika watoto. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, mimi nifundishaye sekondari hapa Kampala huwapokea wanafunzi kutoka vijijini wenye vyeti vya darasa la saba, ilhali wengine husoma aya moja kwa kusitasita. Si wavivu. Walianza kusoma kwa lugha ya nyumbani, kisha katika darasa la nne wakahamishiwa Kiingereza kabla ya kuimudu hata hiyo ya kwanza, na darasa lilijaa mno mwalimu asiweze kumsikiliza kila mmoja.

Mpenzi mwanafunzi, ukirudi kijijini, usiulize shule ina watoto wangapi. Mpe mmoja kitabu akusomee. Samaki mkunje angali mbichi.