Loresho, Mtaa wa Nusu Eka

Kutoka katikati ya mji wa Nairobi hata Loresho ni kama maili sita tu. Msafiri hushika Barabara ya Waiyaki, akapita Westlands, akapita Kangemi penye maduka na makelele ya makanga, kisha hukata upande wa kaskazini. Na mara hiyo hujiona amefika mahali pengine kabisa. Miti ni mirefu, na nyumba hazionekani ila mapaa tu nyuma ya ua wa kayaba. Hewa ni baridi kuliko ya mjini, kwa kuwa nchi imeinuka, na udongo ni ule mwekundu wa Kiambu ambao mkulima akiuona hutamani kuutia jembe. Wakulima wengi hulijua jina la Loresho kwa sababu makao makuu ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, yako huko katika Barabara ya Kaptagat.

Mimi nalipata kuujua mtaa huu nilipopelekwa masomoni katika chuo cha makarani na maofisa wa Serikali huko Lower Kabete, mahali palipokuwa na Jeanes School tangu mwaka 1925. Jioni, baada ya darasa, nalikuwa nikienda matembezi hata Loresho na kusoma mabango yaliyopachikwa malangoni: nyumba hii inauzwa, kiwanja hiki hakiuzwi, nyumba hii inauzwa. Bango la namna ya pili lilinifikirisha kuliko la kwanza. Kwa nini mtu aandike juu ya ukuta wake kwamba kiwanja hakiuzwi? Ni kwa sababu wako watu wanaouza vitu visivyo vyao, na wako wanunuzi wanaolipa.

Nchi hii ya Kabete ina habari ndefu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi hati za miaka 999 kwa mashamba, na ikampa Gavana uwezo wa kuzuia shamba lisiuzwe kwa mtu wa taifa jingine. Mwaka 1932 wazee wa Kiambu walikwenda mbele ya Tume ya Carter kueleza jinsi ardhi yao ilivyochukuliwa. Mjini nako Mwafrika alipangiwa upande wa mashariki, Pumwani, Kaloleni, Bahati na Makongeni, tena kama mpangaji wa chumba. Upande wa magharibi aliujua kwa kwenda kazini. Mwaka 1963 mipaka ya Jiji ilipanuliwa sana, na hesabu ya watu, ambayo mwaka 1962 ilikuwa 266,795, ilifika 4,397,073 mwaka 2019. Basi tunaposema Loresho ni mtaa wa zamani, tukumbuke kwamba miti yake ni mizee kuliko haki ya mtu mweusi kuikalia chini yake akiwa mwenye nyumba.

Uzuri wa mtaa huu haukuja wenyewe. Kanuni za ujenzi zilizotolewa na Jiji mwaka 2004 ziliiweka Loresho pamoja na Kyuna katika fungu la nyumba moja kwa jamaa moja, na kiwanja cha kiasi cha nusu eka. Mnunuzi hulipia kanuni hiyo kama vile anavyolipia mawe na vigae. Lakini kanuni za mji hubadilika mji unapokua. Aliyenunua nyumba ya bustani huko Kilimani au Kileleshwa zamani, leo huenda anatazamwa na madirisha ya ghorofa nyingi, jua lake limekatwa, na bomba la maji machafu lililowekwa kwa jamaa wachache sasa linahudumia mamia. Kwa hiyo anayenunua katika mtaa wa namna hii na azunguke kwanza, asome matangazo yaliyobandikwa penye ua za jirani. Mtu akitaka kubadili matumizi ya kiwanja chake, sheria humlazimu kutangaza, ili jirani wapate nafasi ya kupinga. Tena aulizie chama cha wenyeji, maana hicho ndicho kinachojua ni viwanja gani vimekwisha ombewa ruhusa ya kujengwa nyumba nyingi. Wakala anayeuza nyumba hatakwambia hayo, na simlaumu sana, maana si kazi yake kukuharibia hamu.

Sasa nije kwenye hati, maana hapa ndipo watu wa mshahara huangamia. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mwenye hati ya kumiliki ardhi ndiye mwenye ardhi, na mambo yamekwisha. Mwezi wa Novemba 2011, huko Syokimau, watu waliokuwa na makaratasi mikononi walitazama nyumba zao zikivunjwa kwa kuwa ardhi ilidaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Na tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ambayo kila mnunuzi yampasa kuijua, katika shauri la kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, karibu na pwani. Mwaka 1989 kiliandikwa kwa jina la Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi. Kikauzwa, kikauzwa tena, na kampuni hiyo ikakinunua mwaka 2006. Mwaka 2017 Kaunti ilibomoa ukuta ili wananchi wapate njia ya kufika baharini. Mahakama ilisema kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na kwa hiyo hati zote zilizozaliwa na huo wa kwanza hazikuwa na nguvu, hata kama mnunuzi wa mwisho alilipa fedha zake. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Mahakama hiyohiyo, katika shauri la kampuni ya Torino, ilisema kwamba barua ya kugawiwa kiwanja si hati ya kumiliki.

Maana yake kwa mnunuzi wa Loresho ni hii: kuangalia daftari la ardhi na kuona jina la muuzaji hakutoshi. Upekuzi huo wa daftari, ambao kwa Nairobi tangu mwaka 2021 hufanywa katika mtandao wa Ardhisasa, hukuonyesha mwenye ardhi wa leo na kama ameiweka rehani. Haukuonyeshi kwamba miaka thelathini iliyopita pembe ile ya kiwanja ilikuwa ya shule au ya barabara. Sharti wakili wako afuate hati nyuma, mmiliki kwa mmiliki, hata kwenye shamba la kwanza lililokatwa vipande, na mpima ardhi alinganishe ramani na mawe ya mpaka. Mitaa iliyokatwa kutoka katika mashamba ya kahawa iliachiwa viwanja vya umma, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi viwanja vya namna hiyo, nchi nzima, vilivyonyakuliwa. Hata mtaa wa heshima haukukingwa na ua wa kayaba.

Siku moja nalimkuta mzee mmoja akikata ua, nikamwamkia, nikamwuliza kama mpaka wa kiwanja uko pale penye ua. Akacheka. "Kijana wangu, ua ulipandwa na mama mmoja wa Kizungu aliyependa kuona mto. Jiwe liko huku juu." Akaniongoza hatua kama ishirini kupanda, akafunua majani, nikaliona jiwe. Aliyenunua nyumba ile kwa kutazama ua amenunua kwa macho bustani ya chini ambayo katika karatasi si yake. Na jambo la mto si dogo. Mwezi wa Agosti 2018 majengo makubwa ya Kileleshwa na Westlands yaliyokuwa kandokando ya mito yalivunjwa, na baada ya mafuriko ya mwaka 2024 Serikali iliwaamuru watu waliokaa ndani ya meta 30 za mito wahame. Loresho ina mabonde na vijito. Mteremko unaopendeza machoni ndio wa kupimwa kwanza.

Gharama nazo zina mkia. Tuseme nyumba ni shilingi 40,000,000, bei isiyo ya ajabu huko. Kwa desturi mnunuzi hutanguliza sehemu ya kumi, yaani 4,000,000, na salio hulipwa katika siku 90. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 1,600,000 nyingine, nayo ni juu ya mnunuzi. Bado ujira wa wakili na wa mpima ardhi. Kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, ni ya muuzaji, lakini soma mkataba usije ukaelekezwa kwako. Mkataba sharti uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Mwenzi wa ndoa wa muuzaji naye apate kukubali, la sivyo uuzaji huo waweza kuvunjwa. Ikiwa ardhi ni ya kukodishwa na Serikali, hesabu miaka iliyobaki katika zile 99. Sheria ya Ardhi ya 2012 humpa raia nafasi ya kwanza ya kuomba upya, lakini kuomba si kupewa.

Msomaji atauliza karani wa daraja langu ana shauri gani na nyumba ya milioni arobaini. Ni kweli, mshahara wangu haufiki huko, na mikopo ya nyumba ya mabenki yote ya Kenya mwaka 2018 haikufika 27,000 kwa hesabu. Lakini wako ndugu wanaochanga kiinua mgongo, na wako wana walio ng'ambo wanaotuma fedha nyumbani wakimwomba mjomba karani akaitazame nyumba kwa niaba yao. Tena kiwanja cha futi 50 kwa 100 huko Kitengela hufuata sheria ileile ya hati.

Mtu huyo anayetumwa na aende mara mbili, mara moja wakati wa mvua, aone maji yanapita wapi. Na mara moja siku isiyo ya zamu ya mfereji, afungue bomba, kwa kuwa maji ya Nairobi hutoka mbali, zaidi katika bwawa la Ndakaini, na mara nyingi hugawiwa kwa zamu. Na upekuzi wa daftari, hata kama ulikwisha fanywa mwezi uliopita, urudiwe asubuhi ileile ya kulipa salio.