Programu ya Windows ndani ya Linux: kosa langu kule Nyamira

Najua nimepotea, lakini leo nimerudi na kisa. Ni kisa cha programu ya Windows niliyoihamishia kwenye kompyuta ya Linux, na jinsi ujuaji wangu ulivyokaribia kuwanyima wanafunzi wa shule nzima ripoti zao.

Wengi wenu mnajua naishi Kisii mjini, ambako natengeneza programu za wateja nikiwa chumbani mwangu. Lakini kwetu hasa ni Nyamira. Julai 2025 nilipigiwa simu na mwalimu aliyenifundisha hisabati. Siku hizi ndiye msimamizi wa mitihani katika shule moja ya kutwa huko nyumbani.

"Kijana wangu," akasema, "kompyuta ya ofisi yetu inakufa. Njoo uitazame."

Nilienda Jumapili, maana Mwalimu ni Msabato na Jumamosi hashiki kazi. Nilikuta kompyuta ya mezani yenye RAM ya gigabaiti 2 na Windows 7, imejaa virusi vya flashi, vile vinavyogeuza folda zako zote kuwa shotikati. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020. Windows 10 nayo ilikuwa imebakiza miezi mitatu, hadi Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali mashine za umri ule. Pesa za kununua nyingine hazikuwepo. Moyoni nikasema, hapa ni Linux tu.

Tatizo lilikuwa moja. Mwalimu ana programu yake ya mitihani, na bila hiyo ofisi haiendi. Iliandikwa kwa Visual Basic 6 na jamaa mmoja aliyekuwa akizunguka shuleni akiuza CD. Nambari yake ya simu haipatikani tena, na CD ilishapotea. Programu hiyo ndiyo inayopokea alama, kutoa wastani, kupanga nafasi na kuchapisha ripoti za wanafunzi kama 280 wa Kidato cha Pili, cha Tatu na cha Nne. (Mwaka 2025 hakukuwa na Kidato cha Kwanza, kwa sababu ya mabadiliko ya mtaala.) Shule ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki ile.

"Usijali, Mwalimu," nikamwambia. "Tuna Wine."

Kwa wasioijua, Wine ni programu huria iliyoanza mwaka 1993 na kufikia toleo la 1.0 Juni 2008, baada ya miaka 15. Wengi hudhani inaigiza kompyuta nzima ya Windows ndani ya Linux. Sivyo. Windows na Linux hukaa juu ya prosesa zilezile, kwa hiyo maagizo ya hesabu ndani ya programu hayahitaji kubadilishwa. Kinachotofautiana ni yule anayeombwa huduma: nifungulie faili hii, nichoree dirisha, pelekea printa ukurasa huu. Programu ya Windows huomba kwa majina ya Windows. Wine husikia ombi hilo, huligeuza kuwa la Linux, kisha hurudisha jibu.

Kama umewahi kwenda makambi ya Wasabato huku kwetu, umemwona mkalimani. Mhubiri mgeni anasema kwa Kiingereza, mkalimani anasema kwa Ekegusii, na mahubiri yanasonga. Wine ni mkalimani wa namna hiyo. Hata Proton, ambayo Valve waliitoa mwaka 2018 ili michezo ya Windows ichezwe kwenye Linux, imejengwa juu yake.

Basi nikanakili folda ya programu ya Mwalimu kwenye flashi, nikaipeleka kwenye laptopu yangu. Nikaunda mazingira ya Wine ya biti 32, nikatumia winetricks kuongeza faili za Visual Basic 6 na zile za hifadhidata ya Jet. Nikabofya. Dirisha likafunguka, na majina ya wanafunzi yote yapo! Nikamwonyesha Mwalimu, akatabasamu. Jioni ile nikaifuta Windows yote kwenye kompyuta ya ofisi na kuweka Linux. Nikarudi Kisii na matatu ya mwisho, najiona bingwa.

Jumanne saa nne asubuhi simu ikalia.

"Kijana wangu, alama zimeingia zote. Lakini nikibonyeza kuchapisha, inafunga."

Nikapanda gari tena. Nilipoisoma ile hitilafu, nilihisi baridi. Programu ilikuwa inatafuta crystl32.ocx, faili ya Crystal Reports, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitengeneza ripoti. Faili ile haikuwa ndani ya folda niliyoinakili. Zamani programu nyingi ziliweka vipande vyao ndani ya System32 ya Windows. Na System32 niliifuta Jumapili kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipata nyingine mtandaoni, toleo halikulingana, ikakataa.

Wine haikuwa na kosa lolote. Mkalimani anaweza kutafsiri kila neno la mhubiri, lakini kurasa za mahubiri zikiachwa nyumbani, hatasimama azitunge. Mimi ndiye niliyezichoma.

Mwalimu hakunigombeza. Alikaa kimya, akavuta kiti, akauliza, "Sasa tunafanyaje?" Heri angenigombeza.

Kilichotuokoa ni kwamba data ilikuwa salama. Ilikaa kwenye faili moja ya .mdb, na Linux ina mdbtools. Kwa amri ya mdb-tables unaona majedwali yaliyomo; kwa mdb-export unayatoa moja moja kama CSV. Ndani ya dakika kumi alama zote zilikuwa mbele yangu, zinafunguka ndani ya LibreOffice. (LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice, ileile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.)

Nikaandika programu ndogo ya Python ya kutoa wastani, pointi kutoka 12 za A hadi 1 ya E, nafasi, na ukurasa wa ripoti. Usiku wa Jumanne stima ikapotea. Nikaendelea hadi betri ikaisha. Jumatano Mwalimu akaleta ripoti za muhula wa kwanza kutoka kwenye kabati. Nikapitisha alama za muhula ule kwenye programu yangu, tukalinganisha moja moja.

Hazikulingana. Wanafunzi wawili wakitoshana nafasi ya 14, programu yangu ilimpa anayefuata 15. Ile ya zamani ilimpa 16. Ni kitu kidogo kwangu, lakini si kidogo kwa mtoto ambaye mzazi wake anasoma namba ile kwanza. Nikarekebisha, tukarudia hadi zote zikafanana. Alhamisi saa mbili usiku printa ilitoa ripoti ya mwisho.

Mpaka leo kompyuta ile inafanya kazi. Nilitaka kutengeneza pia sehemu mpya ya kuingiza alama, Mwalimu akakataa. Vidole vyake vinaijua ile ya zamani. Kwa hiyo anaingiza alama ndani ya Wine, kisha programu yangu inasoma .mdb na kuchapisha.

Ukitaka kuhamisha programu ya Windows, sikiliza: kabla hujafuta chochote, nakili diski nzima, si folda tu. Jua data yako inakaa katika faili gani, na jaribu kuisoma bila ile programu. Kisha fanya kazi yote mpaka mwisho, karatasi itoke, mashine ya zamani ikiwa bado mzima.

Wakati naondoka Ijumaa Mwalimu alinibebesha mkungu wa ndizi. Akaniambia, "Siku nyingine uniulize kwanza ni kitu gani ninachofanya mwisho. Anzia hapo."

Alikuwa ananisahihisha hesabu, kama zamani.